Mstari Mmoja Juu ya Ramani ya Makaburi

Kaka yangu alifanya kazi katika ofisi ya makaburi ya manispaa kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuchimba hata kaburi moja. Kazi yake ilikuwa makaratasi. Mtu akifiwa alikuja dirishani kwake akaandikiwa namba na sehemu. Mtu akimtafuta marehemu wake wa zamani alikuja dirishani palepale, na kaka akafungua daftari. Wachimbaji walimwita Taratibu, kwa sababu hakutoa namba bila kuisoma kwa sauti mara mbili. Mwenye haraka alikoma mwenyewe. "Waliolala hapa hawana haraka," alikuwa akiwaambia, "na wewe ambaye hujalala subiri kidogo."

Tumemzika wiki saba zilizopita. Ndugu zetu wameniomba niandike maisha yake, kwa kuwa mimi mdogo wake ndiye niliyekaa naye mwishoni, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Nilianza na alikozaliwa na shule alizosoma, nikajaza kurasa mbili, nikaona mtu huyo simfahamu. Nimezichana. Nitaeleza jambo moja tu, lile lililomla, na kwa hilo mtamjua.

Makaburi yetu yameteremka kutoka getini hadi kwenye kijito, hatua mia nne kamili. Ya juu, karibu na geti, ni mapya na yana mawe yenye majina. Ya chini ni ya zamani. Huko watu walichomekewa vigingi vya mbao vyenye namba, na vigingi vimeliwa na mchwa au vimeokotwa na watu wakapikia. Ukifika chini unaona matuta na nyasi, basi. Shahidi pekee wa nani amelala wapi ilikuwa ramani kubwa ya karatasi, iliyochorwa na mpimaji aliyekwisha kufa, na ramani yenyewe ilikuwa inakatika kwenye mikunjo.

Mwaka ambao ofisi yao iliunganishwa na mtandao, kaka alipelekwa kozi ya wiki tatu ya kuandika kurasa za wavuti. Alirudi kama mtu aliyebatizwa upya. Akaipiga ramani picha, akaikata vipande arobaini vya kulala, kila kimoja kikitoka upande hadi upande, kwa sababu mtandao wa siku zile ulikuwa wa kuvuta kwa kamba. Picha nzima ungeisubiri mpaka maharage yaive. Vipande hivyo akavipanga ndani ya jedwali, kimoja juu ya kingine, bila nafasi katikati, kama matofali yasiyo na udongo. Ukichapisha, kila kipande kilikuwa na kimo cha sentimita moja. Sentimita moja, hatua kumi. Watu walipewa karatasi mbili, akawagundishia kwa gundi, wakashuka njia kuu na rula ya shule mkononi: sentimita ishirini na mbili, hatua mia mbili na ishirini, kisha kushoto au kulia. Walifika. Miaka yote hiyo walifika.

Juu ya ramani aliweka maneno yanayotembea kutoka kulia kwenda kushoto: KARIBUNI SANA. Nilipoyaona nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Kaka, makaburini mnakaribisha watu?"

"Ni ofisi ya umma. Ofisi ya umma inakaribisha."

"Mimi sikaribii. Nitakuja nikiletwa."

Baada ya malalamiko mawili akabadilisha yakawa POLENI, na chini yake akaweka neno NYAMAZENI linalowaka na kuzima. Ukurasa wa wavuti unaandikwa kwa alama za kuiamuru kompyuta, ya kufungua na ya kufunga, na alama aliyotumia kulifanya neno liwake haikuwa kwenye kanuni yoyote. Kampuni moja ilijibunia, wengine wakaiga. Ndivyo alivyoandika ukurasa mzima. Alama alizifungua akasahau kuzifunga, nyingine akaziandika kwa herufi kubwa, nyingine kwa kuotea. Lakini ramani ilionekana, na watu walifika kwa marehemu wao.

Niliwahi kumuuliza kama ukurasa huo hautakufa, maana kompyuta zilikuwa zinabadilishwa kila baada ya miaka michache. Alikuwa ananyoosha mashati yake ya wiki, yote sita, kazi ambayo hakumwachia mtu.

"Kivinjari kina adabu kuliko watu," alisema. Kivinjari ni ile programu ya kompyuta inayofungua kurasa. "Zamani kila kampuni ilikuwa na kivinjari chake na tabia zake. Sisi tukaandika tunavyojua. Baadaye wakubwa wakakaa, wakakubaliana kanuni. Sasa wangezilazimisha kanuni zile kwa kila ukurasa, sisi wa zamani tungeanguka wote siku moja. Kwa hiyo ukurasa mpya unaanza na mstari mmoja juu kabisa, wa kujitambulisha: mimi nimeandikwa kwa kanuni. Kivinjari kikiuona mstari huo, kinausoma kwa kanuni, hakina mchezo. Kisipouona kinajua huyu ni mzee. Kinamsoma kama alivyozoea kusomwa, pamoja na makosa yake."

"Na alama usizozifunga?"

"Kinanifungia."

"Na zile za kubuni?"

"Ile ambayo hakiijui kinairuka, lakini maneno yaliyo ndani yake hakiyatupi. NYAMAZENI siku hizi haiwaki tena. Neno lipo, limetulia."

Nikasema laiti Mungu angetusoma hivyo. Akageuza shati upande wa pili.

"Nani kakwambia hatusomi hivyo?"

Miaka miwili iliyopita walileta mkuu mpya wa kitengo. Si mtu mbaya, nisimsingizie mbele ya Mungu. Alikuwa mtu wa ripoti. Alikuja na programu inayokagua kurasa, akaiingiza anwani ya ukurasa wa kaka, ikamrudishia orodha nyekundu. Akamwita. Mchimbaji mmoja, mzee wanayemwita Koleo, alikuwa pale akisubiri kusainiwa likizo, na yeye ndiye aliyenisimulia.

"Mzee, ukurasa wako una makosa mia nne na kumi na mbili."

"Umeyasoma yote, mkuu?"

"Kompyuta imeyasoma."

"Basi na ramani imeisoma, maana inaonekana."

"Hauna hata mstari wa kwanza. Mtoto wa darasa la kompyuta anajua kuanza na mstari wa kwanza."

"Ukiuweka huo, mkuu, kivinjari kitaacha kunisoma kizee. Kila kitu kitakaa upya. Nipe siku kumi niuandike wote kwa kanuni, halafu nishuke na mita niukague kaburi kwa kaburi."

"Nakupa mbili. Wakaguzi wanakuja."

Kitu ambacho mkuu hakukijua, wala mimi sikukijua wakati huo, ni kwamba figo za kaka zilikuwa zimeshaanza kumgeuka. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, akisema nyumbani anakwenda kufuatilia hati ya kiwanja. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga hawakukosea. Alificha miezi mitano. Siku ya pili kati ya zile mbili aliingia kazini akiwa na miadi ya hospitali saa tatu asubuhi. Alifunga alama alizoweza kuzifunga. Akaweka ule mstari wa kwanza. Akaufungua ukurasa, akaona POLENI inatembea, akaona kichwa cha habari, akaona vipande vinne vya juu vya ramani, ambavyo ni uwanja mtupu wa kuegesha magari. Vilikuwa sawa. Hakushuka chini. Mtu aliyesoma kila namba mara mbili kwa miaka ishirini na sita hakuangalia hata robo ya ukurasa, akachukua kofia yake, akatoka.

Alinieleza baadaye kilichotokea, akanichorea kwenye bahasha ili nielewe, na mimi nitawaeleza nilivyoelewa. Kwa kanuni mpya, picha inakaa kwenye mstari kama herufi inavyokaa. Na herufi zina mikia, kama mkia wa g na wa y, kwa hiyo kivinjari kinaacha nafasi ndogo chini kwa ajili ya mikia hiyo, hata kama hakuna herufi yoyote. Katika usomaji wa kizee, picha iliyo peke yake ndani ya jedwali haikuachiwa nafasi hiyo. Sasa ikaachiwa. Haikufika milimita moja chini ya kila kipande, na nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Karibu na geti haidhuru kitu. Lakini ukijumlisha vipande thelathini na saba vya kwenda chini, umepata sentimita tatu. Sentimita tatu ni hatua thelathini.

Kwa miezi minne ramani ilikaa hivyo, imerefuka. Katika miezi hiyo watu sita walikuja dirishani kuulizia makaburi ya chini kabisa. Mmoja wao alikuwa mama mshonaji.

Mama huyu alikuwa amehama mji na kukaa mbali miaka kumi na tisa, akarudi uzeeni na cherehani yake, akataka kumwona mumewe. Alikumbuka siku ya maziko na mvua iliyonyesha, mahali hakupakumbuka. Kaka alimtafutia kwenye daftari, akamsomea namba mara mbili, akamchapishia ramani, akaigundisha kwa mikono yake mwenyewe, akamwazima na rula. Mama akashuka. Akahesabu hatua zake sawasawa kama mtu anayepima kitambaa, akafika kwenye tuta lenye nyasi, akapiga magoti. Mwezi uliofuata alileta fundi, akajengewa bamba dogo la saruji lenye jina la mumewe na tarehe. Akawa anakuja kila Jumamosi asubuhi. Koleo anasema alikuwa anakaa pale saa nzima anaongea, taratibu, kama watu wawili wanaomenya viazi.

Kisha siku moja ya Jumatatu ikaja familia nyingine. Hao walikuwa hawahitaji ramani, baba yao wanamjua kwa jiwe la asili lililo pembeni yake. Wakakuta juu ya baba yao bamba lenye jina la mtu wasiyemjua. Walipanda hadi ofisini na kelele zao. Kaka hakubishana. Aliishusha ramani ya zamani ya karatasi, akachapisha mpya kutoka kwenye ukurasa, akaziweka mezani sambamba, akapima. Akapima tena.

"Dada," Koleo aliniambia, "nimezika watu wengi, lakini uso kama ule sijauona kwa mtu anayepumua."

Aliuondoa ule mstari dakika ileile, bila kuomba ruhusa. Vipande vikarudi kugusana. Mkuu akaja na orodha yake.

"Makosa yako yamerudi yote, mzee."

"Yamerudi, mkuu. Na makaburi yamerudi."

Watu watano aliwapata kwa simu. Wawili walikuwa hawajashuka bado. Wengine watatu alikwenda nao makaburini mwenyewe, mmoja akamtukana njia nzima, yakaisha. Wa sita alikuwa mama mshonaji, ambaye hakuacha namba ya simu, na yeye ndiye aliyekuwa amejenga. Mkuu akaamua: bamba livunjwe Ijumaa, kimyakimya, na mama asiambiwe.

"Ni mtu mzima," mkuu alisema. "Akikuta limevunjika atadhani ni mvua. Ukimwambia ukweli anakwenda kwa wakili."

"Akidhani ni mvua atajenga tena palepale. Juu ya baba wa watu."

"Basi litavunjwa tena."

Usiku ule hakulala, lakini hilo si la kusimulia, wengi hatulali. Jumatano aliniita akaniambia yote mawili kwa mkupuo, figo na kaburi, na alichokiogopa zaidi hakikuwa figo. "Mama huyu anakuja kila Jumamosi," alisema. "Lazima nimwambie kabla hajakuta pamevunjwa. Nataka nimwombe msamaha nikiwa na miguu yangu. Nikifa na hili, mdogo wangu, nitajibu nini?"

Nilimwambia nitakwenda mimi. Akakataa.

Tulikwenda Alhamisi mchana akitoka hospitali, na plasta mkononi. Kibanda cha mama, ambacho Koleo alituelekeza, kilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya maduka, kati ya kinyozi na muuza vioo. Sare za shule zilining'inia mlangoni, na yeye alikuwa nyuma ya cherehani, utepe wa kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Akamtambua kaka mara moja.

"Aa, baba wa ramani. Karibu. Umepungua."

"Nimepungua kidogo, mama. Huyu ni mdogo wangu."

"Karibuni, kaeni hapo kwenye vitambaa, havivunjiki. Umeleta suruali ya kubana? Maana hiyo uliyovaa utaikuta chini siku moja."

Kaka alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. Hakukaa. Alimwambia akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kuzunguka: ramani niliyokupa ilikuwa mbovu, kosa ni langu, si la kompyuta wala la mtu mwingine, niliibadilisha na sikuikagua, mume wako yuko hatua thelathini kabla ya pale unapokwenda. Pale ulipojenga ni mtu mwingine. Kesho watavunja.

Mama alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kifuko cha pamba. Cherehani ilikuwa bado na mguu wa sare ndani yake.

"Mtu mwingine nani?"

"Mzee mmoja, mama. Ana watoto wake."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

Kinyozi wa jirani alikuwa anacheka na mteja, tukasikia kila neno.

"Nilimweleza kila kitu," akasema. "Kwa nini niliondoka. Nani alikuja nyumbani alipokuwa mgonjwa, na kwa nini sikumwambia wakati ule. Mambo ambayo sijamwambia hata padri wala shehe wala mama yangu aliyenizaa. Miezi minne. Nilikuwa namwambia nani?"

Mimi, kwa ujinga wa mtu mwenye huruma, nikasema Mungu alikuwa anasikia.

"Mungu nilishamwambia zamani," akasema. "Nilimtaka mume wangu."

Kaka akapiga goti kwenye sakafu ya vipande vya nyuzi. Magoti yake yalikuwa yamevimba siku zile na nilijua maumivu yake. Akasema, "Naomba unisamehe, mama."

"Inuka."

"Naomba."

"Inuka, kaka. Unanifanya nikuonee huruma, na mimi sasa hivi sitaki." Alipoinuka, mama alikuwa ameshageukia cherehani. "Nenda nyumbani. Nikiwa na neno nitakuletea. Nisikudanganye leo."

Tulipofika mlangoni kwetu kaka alivua kofia. "Kasema kweli," alisema. "Angesema nimekusamehe ili niondoke, ningemwamini, na ungekuwa uongo."

Aliishi wiki sita baada ya hapo. Kazini walimpa likizo ya ugonjwa, naye akaitumia kushuka makaburini na mita ya utepe, Koleo akishika mwisho mmoja. Walipima kutoka getini hadi kaburi la mume wa mama mara tatu, siku tatu mbalimbali. Akanionyesha namba alizoandika. Zote zilikuwa sawa. Alikuwa akirudi amechoka kiasi kwamba nilimvua viatu mimi. Niliposema inatosha, akasema kwa ukurasa alitosheka na robo, na matokeo yake nimeyaona.

Kila Jumamosi aliniuliza kama amekuja mtu. Mwanzoni aliuliza kwa juujuu, kama anayeuliza habari za maziwa. Wiki ya nne alikuwa anauliza kabla hata sijafungua dirisha. Mama hakuonekana makaburini wala kwetu. Nilimwambia kaka niende nikamwombe, akanizuia: neno la kuombwa mara mbili linakuja limechakaa. Tulisali pamoja jioni. Katika sala zake alikuwa hataji kupona. Alikuwa anamtaja mama mshonaji, halafu mumewe kwa jina lake kamili na namba ya kaburi, mara mbili.

Siku tatu kabla ya mwisho, hospitalini, mashine ikiwa inazunguka pembeni, aliniambia jambo ambalo nalibeba hadi leo.

"Nikiondoka hajasema, usinitengenezee."

"Kutengeneza nini?"

"Usije ukawaambia watu alinisamehe. Wala usiniambie mimi hapa, ili nife vizuri. Nakujua."

Alinijua. Nilikuwa nimeshapanga sentensi yenyewe.

Alifariki Jumanne saa nne asubuhi. Mama hakuwa ameleta neno.

Katika maziko watu walisema mengi mazuri, mkuu wa kitengo naye alisema, na nadhani alimaanisha. Mimi nilikuwa natazama nyuma ya umati. Sikumwona mama. Nilikasirika, nakiri. Nilimwomba Mungu aniondolee hasira hiyo, na hakuniondolea haraka. Wiki ya tano nikachukua ramani, ile iliyochapishwa upya, nikaenda kibandani.

Alikuwa anashona vifungo. Aliposikia habari, aliweka sindano chini.

"Lini?"

Nikamwambia.

"Sikujua. Hakuna aliyeniambia." Kisha, "Na nisingekuja na neno, hata ningejua. Nisikudanganye, mwanangu. Sijamsamehe bado. Nimejaribu. Naanza vizuri, halafu nakumbuka nilivyokuwa naongea na yule mzee wa watu, naona aibu mpaka masikioni, na hasira inarudi."

"Alisema usilazimishwe."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Akaitazama ramani mkononi mwangu, hakuigusa. Akasema tangu siku ile hajashuka makaburini, kwa sababu hana tena karatasi ya kuamini. Nikamwambia kaka alipima mara tatu kwa mita, akiwa mgonjwa, na kwamba kama anataka nitakwenda naye sasa hivi. Akainuka akafunga kibanda, vifungo vikabaki mezani.

Tulishuka kutoka getini pamoja. Hakunipa nafasi ya kuhesabu, alihesabu yeye, kwa sauti, na aliposahau alirudi nyuma hadi mahali alipokumbuka. Tukafika. Palikuwa na tuta dogo, nyasi, na kijiti ambacho Koleo alikichomeka na kukifunga uzi mweupe. Hatua thelathini mbele yetu palionekana udongo mwekundu pale bamba lilipong'olewa. Mama aliangalia huku na kule, kisha akanitazama usoni.

"Una hakika?"

Ningependa kusema nilijibu kama mtu wa imani. Nilisema, "Nina hakika na kaka yangu, mama. Zaidi ya hapo sijui."

"Basi nenda kasimame kule juu," alisema. "Mbali. Haya si ya kusikiwa na mtu wa tatu."

Nilipanda hadi mahali ambapo sauti haifiki. Nilimwona akikaa chini, si kwa magoti safari hii, alikaa kama mtu aliyefika nyumbani kwake akiwa amechoka, miguu mbele. Jua lilikuwa kali. Alianza kuongea, na nikajua anaanza upya, tangu mwanzo, yote ya miezi minne na ya miaka kumi na tisa kabla yake. Mara moja moja alipiga nyasi kwa kiganja kama anayebishana. Nilisubiri zaidi ya saa mbili. Nilisali, kisha nikaishiwa maneno, nikabaki nimesimama tu.

Alipopanda alikuwa anahema, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakunishika mkono. Tulitembea hadi getini, na pale akasimama kurekebisha kiatu.

"Kaka yako mlimzika hapahapa?"

"Kule juu, mama. Mstari wa tatu."

"Leo siendi. Usinishawishi."

"Sikushawishi."

"Lakini wewe ukienda kwake, mwambie nimefika."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, na sikuongeza neno.